MUDA WA VIZA NA MUDA WA KUKAA: MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI WANAOKWENDA LIKIZO NDEFU NCHI ZA NJE

(Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja ambalo huwatia wasafiri katika hasara na fedheha zisizo za lazima, nalo ni tofauti iliyopo baina ya muda wa viza na muda wa kukaa. Zanzibar ni nchi ya wasafiri tangu zama za majahazi ya msimu. Leo wapo wazee wa Unguja na Pemba wenye watoto na wajukuu Muscat, Dubai, London na Toronto, na mtu anapopata likizo ndefu, au anapostaafu, hupenda kwenda kukaa nao miezi miwili, mitatu au zaidi. Safari ya wiki mbili haina mitego mingi. Msafiri huenda, hurejea, na tarehe zote zilizomo katika pasi yake zinamtosha. Safari ya miezi ndiyo inayohitaji hesabu, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya kununua tiketi, si baada ya kufika.

Ieleweke kwanza kwamba viza, kwa nchi nyingi, ni ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba kuingia. Haimaanishi kwamba mwenye nayo anaweza kukaa ndani mpaka siku iliyoandikwa juu yake. Siku za kukaa hupangwa na sheria ya nchi inayoingiwa, na mara nyingi na afisa wa uhamiaji anayempokea msafiri kiwanja cha ndege. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na viza ya miaka mingi na akawa na ruhusa ya kukaa miezi michache tu. Wengi waliopitiliza muda hawakukusudia uhalifu wowote. Walisoma tarehe isiyo yao.

MAREKANI

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani. Viza ya matembezi ya nchi hiyo, inayojulikana kwa herufi B-2, hutaja tarehe ya mwisho ya kuitumia kuingilia. Tarehe ya mwisho ya kukaa imo mahala pengine kabisa, katika kumbukumbu ya kuingia iitwayo I-94, ambayo kwa wanaoingia kwa ndege huwekwa katika kompyuta za Serikali yao na haibandikwi tena katika pasi kama ilivyokuwa zamani. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi 6. Anapofika nyumbani kwa mwenyeji wake, jambo la kwanza ni kuifungua kumbukumbu hiyo katika tovuti ya serikali, kuisoma, kuipiga chapa na kuiweka pamoja na pasi. Ikiwa ina kosa la jina au tarehe, hurekebishwa mapema.

Anayetaka kukaa zaidi huomba kwa fomu namba I-539 kabla ya tarehe ya I-94 kupita, na idara inayohusika hushauri maombi yapelekwe angalau siku 45 kabla. Ataeleza kwa nini anahitaji muda zaidi, nani anamlisha na kumlaza, na ana nini cha kumrejesha nyumbani. Ombi likifika kwa wakati na likiwa la kweli, msafiri huweza kulisubiri jibu hata kama tarehe yake imepita. Likikataliwa, afungashe mara moja.

Adhabu zake ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1996, mtu mzima aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akatoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mzima au zaidi huzuiwa kwa miaka 10. Hata aliyepitiliza kwa muda mfupi kuliko huo viza yake huwa imebatilika, ijapokuwa karatasi ingali safi na tarehe yake ingali mbele.

Zaidi ya hayo, makosa ya wachache yamewaangukia wengi. Mwezi wa Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake wa viza za matembezi na biashara wangeweza kutakiwa kuweka dhamana ya fedha ya kuanzia dola 5,000 hadi dola 15,000, dhamana ambayo mtu huipoteza akipitiliza muda. Kisha, kwa amri ya Rais wa Marekani iliyotolewa Disemba 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, utoaji wa viza za matembezi, biashara na masomo kwa Watanzania ulisimamishwa, isipokuwa kwa watu waliotengwa na amri yenyewe. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kiwango cha Watanzania waliobaki baada ya muda wao kwisha. Viza zilizokwisha kutolewa kabla ya siku hiyo hazikufutwa na amri hiyo. Amri za aina hii hubadilika, kwa hiyo mwenye nia ya safari aulize ubalozi Dar es Salaam kabla ya kulipa ada au tiketi. Lakini ni haki kutambua kwamba bibi wa Makunduchi anayetaka kumwona mjukuu wake, naye hajapata kuvunja sheria ya nchi yoyote, amefungiwa mlango kwa hesabu ya watu asiowajua.

UINGEREZA

Uingereza ina utaratibu mwepesi wa kueleweka, lakini nao husomwa vibaya. Viza ya mgeni hutolewa kwa miezi 6, na zipo pia za miaka 2, 5 na 10. Hizo ndefu hazimpi mtu haki ya kukaa miaka hiyo. Kila anapoingia mwisho wake ni miezi 6. Hakuna sheria inayosema wazi kwamba mgeni akae siku ngapi katika mwaka, bali afisa ana mamlaka ya kumrejesha yule ambaye safari zake za mfululizo zinaonyesha kwamba amefanya nchi hiyo makazi yake. Mzee anayekaa miezi 6, akarudi Zanzibar wiki mbili, kisha akataka kuingia tena kwa miezi mingine 6, ajitayarishe kwa maswali.

Kuongezewa muda ukiwa huko kumewekewa mpaka. Aliyepewa chini ya miezi 6 anaweza kuomba mpaka itimie 6. Kuvuka hapo ni kwa mambo maalumu, kama vile mgonjwa anayeendelea na matibabu ya kulipia, na hata yeye huomba kabla siku zake hazijamalizika. Kumlea mjukuu wakati wa matembezi ya kifamilia hakukatazwi, maadamu matembezi ni mafupi na haikuwa kazi. Kulipwa ni kazi. Kuuza dukani kwa ndugu bila ya mshahara nako ni kazi, hata kama mwenyewe anaona ni kusaidia tu. Mgeni akiugua na kulazwa hospitali ya serikali hutozwa asilimia 150 ya gharama, na deni hilo huonekana pale anapoomba viza nyingine. Kwa hiyo bima ya safari, ingawa hailazimishwi katika kuomba, ni jambo la lazima kwa mwenye umri mkubwa.

Aliyepitiliza zaidi ya siku 30 kisha akatoka kwa hiari na kwa nauli yake mwenyewe hufungiwa kwa mwezi 1 mara 12, yaani mwaka mmoja. Aliyetumia udanganyifu katika maombi hufungiwa miaka 10. Hapa pana neno la kuwaambia watumishi wa Serikali, nalo litafuata mbele.

ULAYA: SIKU 90 KATIKA SIKU 180

Sehemu inayowachanganya watu zaidi kuliko zote ni ya nchi za Schengen, jina la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wake ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985. Tangu 1 Januari 2025 nchi zilizomo kikamilifu ni 29. Zimo Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi, Hispania na nyenginezo, pamoja na Uswisi na Norwe ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza haimo, wala Ireland na Cyprus hazimo. Viza moja humwezesha msafiri kutembea katika nchi zote hizo kama nchi moja, na siku zake nazo huhesabiwa kama za nchi moja.

Katika karatasi ya viza hiyo mna mambo matatu ya kusomwa. La kwanza ni tarehe ya mwanzo na ya mwisho. La pili ni idadi ya safari za kuingia: 1, 2 au nyingi. La tatu, ambalo watu hulipita kwa macho, ni idadi ya siku za kukaa. Viza inaweza kuwa na tarehe zinazochukua siku 45 na ikawa na siku 30 tu za kukaa. Zile 15 za ziada zimewekwa ili msafiri akichelewa kuondoka kwao safari isimharibikie. Hazikuwekwa azitumie kwa kukaa. Mwenye viza hiyo akikaa mpaka tarehe ya mwisho iliyochapwa, amepitiliza siku 15 hali ya kuwa anaamini yumo ndani ya sheria.

Kanuni kubwa ni kwamba mgeni asikae zaidi ya siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Neno lenye uzito ni "chochote". Kipindi hicho hakianzi Januari wala hakianzi siku mtu alipoingia mara ya kwanza. Kila siku mgeni anayokuwepo huko, hutazamwa nyuma siku 180, siku hiyo yenyewe ikiwa ndani ya hesabu, na zikajumlishwa siku zote alizokaa. Siku ya kuingia ni siku moja kamili na siku ya kutoka ni siku moja kamili, hata kama ndege imetua usiku wa manane.

Uchukuliwe mfano wa mtu mwenye viza ya kuingia mara nyingi, anayefika Ujerumani tarehe 10 Januari 2026 na kuondoka tarehe 10 Machi. Siku zake ni 22 za Januari, 28 za Februari na 10 za Machi, jumla 60. Anarudi Zanzibar, anafanya shughuli zake, na tarehe 1 Juni anakwenda tena kuhudhuria harusi ya nduguye. Watu wengi watasema kwamba safari mpya ina siku 90 mpya. Sivyo. Tarehe 1 Juni ukihesabu nyuma siku 180, siku zote 60 za mwanzo bado zimo. Zimembakia 30, nazo zinamalizika tarehe 30 Juni. Tarehe 1 Julai akiwa bado yupo, amevunja sheria. Siku za zamani huanza kumrudia mojamoja kuanzia tarehe 9 Julai, pale ile ya 10 Januari inapotoka nje ya hesabu. Kuvuka kwenda London kwa siku mbili na kurudi Paris hakuanzishi hesabu upya, kunapunguza siku mbili tu. Mwenye shaka atumie kikokotoo cha siku kilichomo katika tovuti ya Umoja wa Ulaya, au aandike kwa kalamu katika kalenda ya ukutani, ambayo nayo haikosei.

Zamani muhuri uliofifia uliweza kumsitiri mtu. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuingiza mtambo wa kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, unaohesabu siku wenyewe na kumtaja aliyepitiliza. Adhabu hutofautiana baina ya nchi na nchi: faini, kurejeshwa kwa nguvu, na zuio la kuingia ambalo kwa kawaida halizidi miaka 5 lakini hufunga nchi zote 29 kwa pamoja.

Je, viza ya Schengen inaweza kuongezwa muda? Inaweza, kwa mlango mwembamba. Ikiwa mgeni amezuiliwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, au kwa sababu za kibinadamu kama maradhi yasiyomruhusu kupanda ndege, huongezewa bila ya ada. Ikiwa ni sababu nzito za binafsi, ada ni yuro 30. Maombi hupelekwa kwa mamlaka ya nchi aliyomo, kabla muda haujesha, pamoja na vyeti vya daktari au ushahidi mwengine, na bima nayo iongezwe. Kupendezwa na mji si sababu nzito. Anayejua tangu mwanzo kwamba anahitaji zaidi ya siku 90 aombe viza ya muda mrefu ya nchi moja anayokwenda, na aiombe akiwa bado hapa nyumbani. Ufaransa, kwa mfano, inayo viza ya mgeni wa muda mrefu kwa mtu mwenye kipato chake na anayeahidi kutofanya kazi. Kwenda kwa viza fupi kwa matumaini ya kuigeuza huko mara nyingi ni kupoteza nauli.

Kwa wanaoanza: ombi la viza fupi hupelekwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, katika ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu 11 Juni 2024. Bima isipungue yuro 30,000, na pasi iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Mwenye kutumia viza zake kwa uaminifu hulipwa uaminifu huo: aliyepata na kutumia vizuri viza 3 katika miaka 2 iliyotangulia anastahiki kupewa ya mwaka mmoja, na baadaye ya miaka 2, kisha 5.

GHUBA NA MAKKA

Huku hesabu ni ya siku na fedha. Katika Falme za Kiarabu viza za matembezi ni za siku 30 au 60, na huweza kuongezwa kwa ada kabla ya kumalizika. Aliyepitiliza hutozwa dirhamu 50 kila siku. Oman hutoza riali 10 kila siku. Siku 40 za uzembe ni dirhamu 2,000 Dubai, na Muscat ni riali 400, ambazo zinapindukia dola 1,000. Mwenye deni hilo hazuiliwi kwa ubaya wa mtu. Anasimamishwa kiwanja cha ndege mpaka alipe, na mara nyingi anayelipa ni yule ndugu aliyemkaribisha. Mwaka 2024 Falme za Kiarabu zilitoa msamaha kuanzia 1 Septemba, ukarefushwa hadi 31 Disemba, na waliopitiliza wakaweza kutoka bila ya faini wala zuio. Kukaa kwa kungojea msamaha mwengine ni kamari.

Suala la Saudi Arabia linahitaji kuelezwa kwa utulivu kwa sababu linagusa ibada. Viza ya umra hutolewa kwa hadi siku 90, lakini msimu wa hija huikata. Mwaka 2025 wenye viza hiyo walitakiwa wawe wametoka ifikapo 29 Aprili, hata kama siku zao 90 hazijatimia. Wapo wanaokwenda kwa umra au kwa viza ya matembezi wakakusudia kujificha mpaka siku ya Arafa, wakiona kwamba nia njema inatosha. Katika hija ya mwaka 2024, joto likiwa limepindukia nyuzi 50, walifariki watu 1,301 kwa taarifa ya Serikali ya Saudi Arabia yenyewe, na asilimia 83 kati yao walikuwa hawana kibali cha kuhiji. Wasio na kibali hawakuwa na hema, hawakuwa na basi, na wengi walitembea mwendo mrefu juani. Wazee walikuwa miongoni mwao. Mwaka 2025 ilitangazwa faini ya hadi riali 20,000 kwa anayehiji au kujaribu kuhiji bila ya kibali, na hadi riali 100,000 kwa anayemwombea viza ya matembezi mtu wa aina hiyo au kumficha. Anayeambiwa na wakala kwamba "viza ni viza, kule utapita tu", na aombe aonyeshwe kibali cha hija chenye jina lake kabla hajatoa hata shilingi moja.

India inatajwa kwa ufupi kwa sababu wengi huendea matibabu. Mgonjwa achukue viza ya matibabu, si ya utalii, na wanaomsindikiza, wasiozidi wawili, wachukue ya wasindikizaji. Viza ya matibabu inayoombwa kwa mtandao ni ya siku 60 na huruhusu kuingia mara 3. Daktari akisema matibabu yataendelea, hospitali hutoa barua na ombi la kuongezewa muda hupelekwa afisi ya kuandikisha wageni kabla ya siku ya mwisho. Na anayekwenda Mombasa, Kampala au Kigali hana taabu kubwa: chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi wanachama hupewa hati ya kukaa hadi miezi 6 bila ya ada. Hata hivyo hati hiyo lazima igongwe muhuri. Anayepita njia za panya hana hati yoyote.

WATUMISHI NA BARUA ZA LIKIZO

Lile neno lililoahirishwa ni hili. Mtumishi anapoomba viza huambatisha barua ya mwajiri, na barua hiyo ndiyo shahidi wake mkubwa kwamba atarudi. Afisa wa ubalozi huisoma pamoja na fomu. Ikiwa barua inasema mtumishi ana likizo ya mwezi mmoja na fomu inaomba miezi 5, au ikiwa barua inasema yumo kazini ilhali alistaafu mwaka uliopita, ombi litakataliwa, na likikataliwa kwa udanganyifu mlango unafungwa kwa miaka. Zaidi ya hapo, afisi iliyotoa barua hiyo hupoteza imani. Mtumishi mwengine wa afisi hiyohiyo atakapopeleka barua ya kweli, itatazamwa kwa jicho la shaka. Wakuu wa idara wanaombwa waandike tarehe za likizo kama zilivyo katika faili, cheo kama kilivyo, na wasimwandikie barua jamaa asiye mtumishi hata kwa huruma. Huruma ya aina hiyo hulipiwa na mtu mwengine.

Vilevile viza si likizo. Nchi ya ugenini ikimwongezea mtumishi miezi mitatu, mwajiri wake hakumwongezea hata siku moja. Akibaki huko bila ya idhini ya maandishi kutoka kwa mwajiri, anahesabiwa mtoro kazini na hatua za nidhamu huchukuliwa kwa mujibu wa sheria na kanuni za utumishi wa umma. Anayeona kwamba safari yake itarefuka aandike nyumbani kwanza, apate jibu, ndipo aombe muda huko. Jibu hilo pia litamsaidia katika ombi lenyewe, kwani litaonyesha kwamba kazi yake bado inamngoja.

Madalali wa viza wasihusishwe. Fomu za balozi zinapatikana bure katika tovuti zao, na ada hulipwa kwa ubalozi au kwa kituo ulichokiteua. Dalali anayeuza taarifa ya benki ya kughushi hachapwi yeye. Jina linalobaki katika kompyuta kwa miaka 10 ni la mwombaji.

PANAPOTOKEA DHARURA

Ndege hufutwa, watu huvunjika miguu, na mauti hayangoji tarehe. Mgeni aliyefikwa na jambo kama hilo karibu na siku yake ya mwisho asikae kimya kwa kuona aibu au kwa kuogopa polisi. Aende mwenyewe, au ampeleke mwenyeji wake, kwa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo kabla muda haujesha, akiwa na barua ya shirika la ndege au ya daktari. Apige picha ya ubao wa safari uliofutwa. Aitunze risiti ya hoteli ya usiku huo. Akifika nyumbani, aviweke vyote katika bahasha moja pamoja na kipande cha tiketi na pasi yenye muhuri wa kuingilia Zanzibar, kwa sababu swali huweza kuulizwa miaka mitano baadaye, na wakati huo atakayeulizwa ni yeye peke yake.

Mwenye kufiwa na msafiri, au mwenye ndugu aliyezuiliwa kiwanja cha ndege ugenini, awasiliane na ubalozi wa Tanzania ulio karibu. Ubalozi hauwezi kufuta faini wala kutoa viza ya nchi nyengine. Unaweza kuthibitisha uraia, kutoa hati ya dharura ya kurejea kwa aliyepoteza pasi, na kuwasiliana na wenyeji kwa niaba ya familia. Kwa hiyo kila msafiri wa muda mrefu aache nyumbani nakala ya ukurasa wa pasi wenye picha, nakala ya viza, anwani ya mwenyeji wake, na tarehe ya mwisho ya kukaa, iandikwe kwa mkono na kukabidhiwa mtu anayejua kusoma na asiyepoteza karatasi.